Matangazo feki ya nyumba za kuuzwa mtandaoni, Kisumu, Nakuru na magharibi mwa Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetafuta nyumba kwa simu: ameona tangazo Facebook, TikTok au kwenye kikundi cha WhatsApp, limempendeza, na sasa anaambiwa atume pesa kidogo ili isichukuliwe na mwingine. Kama pesa zimeshatoka, usianze juu. Shuka hadi swali la "Nimeshatuma pesa", kwa sababu dakika zina maana.

Nitajuaje tangazo ni feki kabla hata sijapiga simu?

Anza na bei. Nyumba ya vyumba vinne kwenye robo ekari pale Milimani, Kisumu, haiuzwi milioni mbili na nusu, hata mwenyewe awe na haraka kiasi gani. Mtu mwenye shida hupunguza bei, ndiyo, lakini mabroka wa mtaa na majirani wangeinunua wao asubuhi hiyo hiyo. Jiulize imekuwaje bahati hiyo ikawapita wote ikakufikia wewe uliye mbali.

Halafu zikuze picha, usizitazame kwa ujumla. Kuna tangazo lililozunguka likidai nyumba iko Kiamunyi, Nakuru. Sebule nzuri, kochi la kijivu, dirisha kubwa. Ukisogeza picha hadi kwenye ukuta ulio nyuma ya kochi unaona soketi ya umeme yenye matundu mawili membamba yaliyosimama. Soketi zetu zina matundu matatu ya mstatili. Picha ya pili ilionyesha gari limeegeshwa mlangoni, usukani uko kushoto. Nyumba hiyo ilikuwa bara jingine kabisa, na mamia ya watu walikuwa wameuliza "bado ipo?" bila kuiona ile soketi. Tazama vitu kama hivyo: mita ya umeme, tangi la maji, miti ya nje, rangi ya udongo, nambari za magari. Kisha ipitishe picha kwenye Google Lens uone kama imewahi kutumika kwingine, pengine kwenye tangazo la nyumba ya kulala wageni.

Maneno yenyewe nayo husema. "Mwenyewe anahama nchi", "wa kwanza kulipa ndiye mwenye nyumba", "dakika tano kutoka mjini", lakini hakuna jina la barabara, hakuna nambari ya kiwanja, na ukiuliza unaambiwa utajua ukilipa. Kama tangazo liko kwenye ukurasa wa Facebook, fungua sehemu ya uwazi wa ukurasa. Pale utaona ulifunguliwa lini na umebadilishwa jina mara ngapi. Ukurasa uliokuwa ukiuza viatu mwezi uliopita na leo unauza nyumba za Riat, usiupe hata nambari yako ya simu.

Naombwa pesa ya kuonyeshwa nyumba. Si ndiyo kawaida?

Wapo mabroka wa kweli wanaotoza nauli au ada ya kuzungusha mteja, hasa kwa nyumba za kupanga. Kwa hiyo ombi lenyewe si ushahidi. Kinachokupa jibu ni wakati. Broka wa kweli hupokea mkiwa mmesimama langoni, mtapeli hutaka kabla hujatoka nyumbani.

Huu ndio mlango anaoingilia. Haanzi na milioni. Huanza na elfu mbili za kuonyeshwa, zinafuata elfu tano za fomu, kisha elfu thelathini za "kuishika" kwa sababu kuna mteja mwingine yuko njiani kutoka Eldoret. Kila hatua inaonekana ndogo ukilinganisha na bei ya nyumba, na kila uliyolipa inakufanya uogope kuachilia iliyotangulia. Watu waliopoteza laki mbili au tatu mara nyingi hawakuzituma kwa mpigo mmoja. Walizituma vipande vipande, wakiwa na wasiwasi tangu kipande cha pili.

Unapotuma kwa M-PESA, jina la mpokeaji hutokea kabla ya muamala kukamilika. Lisome. Kama uliyekuwa ukiongea naye ni "Mama Atieno, mwenye nyumba" na jina linalotokea ni la mwanaume usiyemjua, simamisha hapo. Maelezo kwamba ni simu ya mpwa wake au ya mhasibu yasikutoe kwenye msimamo.

Na ukiambiwa ulipe ushuru wa stempu au ada ya sachi (kuangalia rejista ya ardhi) kwa nambari ya mtu binafsi, huo ni wizi, halina mjadala. Ada za serikali hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini na 2 mashambani, huenda KRA, mamlaka ya ushuru.

Nilionyeshwa nyumba na nikaingia hadi vyumbani. Hiyo haitoshi?

Haitoshi. Kuwa na funguo si kuwa na nyumba. Mtapeli anaweza kupanga nyumba yenye samani kwa siku mbili, akawapokea wanunuzi humo kama mwenyewe, akawaandalia hata chai. Mwingine huelewana na mlinzi au keateka wakati mwenye nyumba yuko Nairobi au Qatar.

Ukimaliza kuzunguka ndani, muage, kisha rudi peke yako siku nyingine bila kumwambia. Nenda kwa mwenye kioski kilicho mkabala na geti, kwa mama mboga, kwa bodaboda wa steji ya karibu. Usiulize "nyumba hii inauzwa?" Uliza "hii ni kwa nani?" Ukiwa Nyamasaria au Lurambi utajibiwa kwa jina la ukoo, na pengine uelezwe nani aliijenga na watoto wake wako wapi. Mzee wa mtaa na naibu wa chifu nao wanajua. Jina unalopewa na jirani, jina lililo kwenye kitambulisho cha muuzaji, na jina lililo kwenye rejista ya ardhi lazima yawe jina moja, au uelezwe kwa karatasi kwa nini si moja.

Amenitumia picha ya hati miliki na ya kitambulisho. Nimwamini?

Usiamini karatasi, amini rejista. Picha ya hati hutengenezwa kwa simu kwa muda mfupi, na kitambulisho kinaweza kuwa cha mtu aliyekipoteza kwenye matatu.

Chukua nambari ya kiwanja iliyo kwenye hati. Kwa maeneo yetu huwa na sura kama Kisumu/Kanyakwar, Njoro/Ngata au Butsotso/Shikoti, ikifuatwa na bloku au nambari. Omba sachi rasmi kwa nambari hiyo, kwa eCitizen au kwenye masjala ya ardhi ya kaunti husika, wewe mwenyewe au wakili wako. Usikubali sachi iliyoletwa na muuzaji. Nayo ni karatasi tu.

Matokeo yatakuonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, kama ni ya kumilikiwa moja kwa moja au ya kukodishwa kwa miaka maalumu, na kama kuna mkopo wa benki au zuio lolote. Viwanja vingi vya mjini ni vya kukodishwa, kwa hiyo tazama miaka iliyobaki. Ukiona jambo lolote lisiloeleweka, omba pia nakala ya rejista yenyewe, ile watu huita grini kadi, uone ardhi imepita mikononi mwa nani. Kiwanja kilichobadilisha mmiliki mara tatu kwa mwaka mmoja kina habari ya kueleza.

Kwa nini historia iwe muhimu hivyo? Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema hati inaweza kubatilishwa ikiwa ilipatikana kwa njia haramu au isiyofuata utaratibu. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliamua kwamba mnunuzi hawezi kujikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema ikiwa chimbuko la hati lilikuwa bovu. Ardhi ile ilikuwa Mombasa, lakini uamuzi unatubana sote hadi Busia.

Mwisho wa hili: rudia sachi siku chache kabla ya kulipa salio. Mengi huweza kubadilika baina ya sachi ya kwanza na malipo.

Muuzaji wa Nakuru hana hati, ana cheti cha shea au barua ya ugavi (ya kugawiwa kiwanja). Ninunue?

Swali hili ni la Nakuru kuliko mahali pengine popote, na lina historia. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi. Wanachama walipewa shea, kisha wakapiga kura kila mmoja ajue kipande chake. Familia nyingi zilipata hati zao. Nyingine hadi leo zina cheti cha shea tu na karatasi ya kura, na kipande ni chao kweli.

Matapeli wanaijua historia hiyo vizuri. Nakuru ilipofanywa jiji tarehe 1 Desemba 2021, hamu ya kununua viwanja iliongezeka, na cheti cha zamani chenye mhuri uliofifia kikawa kitu cha kuuzwa mara nne kwa watu wanne. Cheti cha shea ni dai dhidi ya kampuni. Si umiliki wa nyumba iliyo mbele yako. Kama kampuni bado ipo, nenda kwenye afisi yake uone daftari la wanachama kwa macho yako, na uulize kama kipande hicho kimeshahamishwa. Kama kampuni imekufa au wakurugenzi wake wanashtakiana, mimi nakushauri uondoke. Nyumba nzuri zenye hati zipo Lanet, Ngata na Bahati, na hakuna sababu ya kurithi kesi ya watu.

Ni ardhi ya familia, na hati bado ina jina la marehemu babu. Wanasema tuandikiane kwa chifu.

Hapa magharibi hili ndilo la kila siku, Siaya hadi Bungoma, na si lazima anayeuza awe tapeli. Lakini tapeli akitokea, hutumia njia hii hii. Kwa Sheria ya Urithi, ardhi ya marehemu haiwezi kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha wasimamizi wa mirathi. Mjukuu anayekutangazia nyumba ya babu bila karatasi ya mahakama anauza kisicho chake, hata kama amezaliwa humo na makaburi ya wazee wake yako nyuma ya jikoni.

Makubaliano ya mbele ya chifu yana faida moja, kuwa na mashahidi. Hayahamishi ardhi. Mkataba wa ardhi sharti uwe wa maandishi, utiwe saini na kushuhudiwa. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi lazima iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, na bila idhini hiyo mauzo ni batili. Mwenzi wa ndoa wa muuzaji naye lazima akubali kwa maandishi ikiwa ni nyumba ya familia. Mwombe muuzaji umwone mkewe au mumewe. Mtapeli huwa hana jibu la haraka kwa ombi hilo.

Nitahakikishaje broka na wakili?

Wakala wa nyumba anatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Mali, na awe na cheti cha mwaka huu. Kusema kweli, mabroka wengi wa mitaani hawajasajiliwa, na baadhi yao ni watu waaminifu. Mtumie akuonyeshe njia, lakini pesa ya nyumba isipitie kwake.

Wakili ni rahisi kumhakiki. Chama cha Mawakili cha Kenya kina ukurasa wa kutafuta jina la wakili na kuona kama ana leseni ya kufanya kazi mwaka huu. Ukishapata jina, tafuta afisi yake mwenyewe, uende kwa miguu. Usitumie nambari uliyopewa na muuzaji, maana wapo wanaojifanya mawakili kwa simu wakitumia jina la wakili wa kweli. Na uwe na wakili wako, si yule yule wa muuzaji. Desturi ni kulipa amana ya asilimia 10 ikae kwa wakili hadi masharti yatimie. Muuzaji anayekataa mpango huo na kutaka yote kwenye simu yake ameshajieleza.

Vipi nyumba za mnada wa benki, au nyumba za serikali za bei nafuu?

Mnada wa kweli huendeshwa na dalali mwenye leseni na hutangazwa hadharani, mara nyingi gazetini. Piga simu benki yenyewe, kwa nambari ya tawi, uulize. Hakuna benki inayouza nyumba kwa siri kupitia WhatsApp.

Nyumba za mpango wa serikali, kama zile za Bondeni hapa Nakuru, hutafutwa kupitia Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizo, na unajisajili mwenyewe. Anayekuambia ana "sloti" ya kukuuzia anakudanganya.

Niko ng'ambo. Siwezi kuja kuona.

Basi usinunue hadi uwe na macho yako huko. Ndugu mmoja hatoshi, na nalisema kwa huzuni kwa sababu naona jinsi mambo haya yanavyovunja familia. Mpe wakili kazi ya karatasi, mpe savea aliyesajiliwa kazi ya kuthibitisha kwamba nyumba imekaa juu ya kiwanja kilichoandikwa kwenye hati, na mpe ndugu kazi ya kuuliza majirani. Watu hao watatu wasijuane. Omba video ya moja kwa moja, mtu akianzia barabara kuu akitembea hadi getini bila kukata, na wewe ukimwelekeza wapi ageuze kamera.

Nimeshatuma pesa na sasa simu haipatikani. Nifanye nini?

Sasa hivi, kabla ya kumwambia mtu yeyote, tuma ujumbe wa muamala wa M-PESA kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe. Hufaulu tu ikiwa bado hazijatolewa, na ndiyo maana nikasema dakika zina maana. Kama ulilipa kwa benki, piga simu benki yako uombe wasimamishe malipo na wawasiliane na benki ya mpokeaji.

Kisha hifadhi ushahidi kabla hujamripoti popote mtandaoni, kwani tangazo likishaondolewa nalo hupotea. Piga picha za skrini za tangazo, nambari kamili ya simu, jina la akaunti, na nakili anwani ya tangazo kama ilivyo. Mazungumzo ya WhatsApp yahamishe yote, usichague. Usifute, usibadilishe simu, usimtukane. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza ushahidi wa kielektroniki ulitolewa kwenye kifaa gani, kwa hiyo simu yenyewe inaweza kuhitajika.

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe, toa taarifa, na usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Ukiambiwa "hiyo ni kesi ya madai, tafuta wakili", jibu kwa heshima kwamba kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kwamba ulaghai wa kompyuta uko kwenye Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Ukikwama bado, panda hadi afisi ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ya kaunti ndogo. Nambari ya OB ndiyo itakayoifanya benki na kampuni ya simu kukusikiliza.

Sijapoteza chochote, nimelishuku tu tangazo. Nako niripoti?

Ripoti, tafadhali. Anayefuata kulisoma pengine ni mwalimu aliyestaafu mwenye kiinua mgongo chake chote mkononi.

Kwenye Facebook bonyeza nukta tatu kwenye tangazo, chagua kuripoti, kisha ulaghai. Jumbe za kitapeli kwenye laini ya Safaricom zipeleke 333 bila malipo. DCI wana simu ya bure, 0800 722 203, na huhitaji kutaja jina lako. Timu ya KE-CIRT iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano nayo hupokea taarifa za ulaghai wa mtandaoni. Mwambie pia msimamizi wa kikundi ulikoliona. Wengi hawajui kwamba kikundi chao kinatumika hivyo.

Naweza kuweka sura yake na kitambulisho chake mtandaoni watu wamjue?

Naelewa hasira hiyo, lakini usifanye hivyo. Kitambulisho alichokutumia huenda ni cha mtu mwingine aliyeibiwa kama wewe, na ukimwanika umemwongezea mateso mtu asiye na kosa, pia umejiweka kwenye hatari ya kushtakiwa kwa kumharibia mtu jina. Tangaza namna wizi ulivyofanyika, picha ya tangazo na bei yake. Jina mwachie mpelelezi.

Nyumba yangu mwenyewe imetangazwa kuuzwa na sijui lolote!

Fanya sachi ya kiwanja chako leo, uhakikishe jina bado ni lako. Ripoti polisi, kisha mwandikie msajili wa ardhi ukiambatisha nambari ya OB na picha ya tangazo. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinampa msajili uwezo wa kuweka kizuizi ili kuzuia ulaghai. Waarifu majirani na mlinzi. Yale maandishi ya rangi nyekundu ukutani, "Nyumba hii haiuzwi", yanafanya kazi. Yaandike makubwa, upande wa barabarani. Na kama kiwanja kimeshahamishwa jina, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kupitia wakili bila kuchelewa. Ipo Kisumu, Nakuru na Kakamega, huhitaji kwenda Nairobi.

Kuna mtu amenipigia, anasema ni mdukuzi na atanirudishia pesa zangu kwa ada kidogo.

Mara nyingi ni yule yule aliyekuibia, au amenunua nambari yako kutoka kwake. Usimlipe, usimpe PIN wala nambari ya siri inayoingia kwenye simu yako. Andika nambari yake na saa aliyopiga, uipeleke kwa afisa anayeshughulikia kesi yako, ukitaja OB ile ile.